Meno Mawili ya Mgeni

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule na jino lake la mbele ameliviringisha kwenye karatasi ya daftari, akataka niangalie pengo. Nikamwambia aachame. Nikamshika kidevu, nikamgeuza kuelekea dirishani, nikapitisha kidole gumba pembeni mwa mdomo kumsogeza shavu, na papo hapo ikanijia harufu ambayo haikuwa na kazi yoyote katika nyumba yetu ya kupanga: majani mabichi yaliyotafunwa, mate ya moto, na kitu kama maziwa yanayotaka kuchacha. Binti yangu alikuwa amekula maandazi tu. Harufu ilikuwa ya ng'ombe wetu, Mgeni, na nadhani mkono wangu ndio ulioikumbuka kabla ya pua, maana ng'ombe huyo nilikuwa namshika hivyo hivyo.

Wenzangu mliokulia Ruangwa na Nachingwea mnajua kwamba sisi hatukuwa watu wa ng'ombe. Tulikuwa watu wa korosho na ufuta, muhogo na mbaazi, na mwenye mbuzi alijiona ana mifugo. Ng'ombe tulimjua kwa picha ya kitabu cha shule na kwa paja lililoning'inia buchani. Kisha wakaja Wasukuma. Waliingia kijijini kwetu Nambilanje kwa miguu na makundi yao, vumbi likitangulia, wanawake wamebeba masufuria kichwani na watoto mgongoni, na sisi watoto tukapanda kwenye kichuguu tuwaangalie vizuri. Watu wazima hawakupanda popote. Ufuta ulikuwa ndio kwanza umeota, na kila mmoja alikuwa akiwaza shamba lake.

Siku hiyo ndama mmoja alianguka karibu na uwanja wetu akakataa kuinuka. Mama yake alikuwa amefia njiani. Mwanamke mmoja mrefu, mwenye bangili nzito za shaba, alimsukuma, akamvuta masikio, akambembeleza kwa lugha yake, halafu akanyoosha mgongo akatutazama. Tulikuwa watatu mlangoni: Bibi, Mama na mimi. Baba alikuwa ameshaoa Liwale na kwetu alifika akikumbuka.

"Mayu," alimwambia Mama, maana kwao ndivyo wanawake wanavyoitana kwa heshima, "huyu hafiki. Ukimweza, mchukue. Akipona ni wako."

"Anakula nini?" Mama aliuliza. Hakuwahi kugusa ng'ombe maishani mwake.

"Maziwa. Kama huna, sijui."

Yule mwanamke aliitwa Minza. Akaendelea na safari, na kundi lao likaenda kujenga boma ng'ambo ya mto. Hatukuwa na maziwa ya kutosha. Tulikuwa na mbuzi mmoja anayenyonyesha na unga wa muhogo. Bibi ndiye aliyeamua. Alikoroga uji mwepesi, akachanganya na maziwa kidogo ya mbuzi, akachovya vidole vyangu ndani ya uji na kuviingiza mdomoni mwa ndama. Akanyonya. Bado naikumbuka nguvu ya ulimi ule, jinsi ulivyokwaruza na kuvuta, nikaogopa kwamba vidole vitatoka vimekonda. Bibi alifurahi mno. Alisema mgeni amekuja bila mzigo na hana budi kulishwa, na jina likamkaa hapo hapo. Tangu siku hiyo Bibi alilala kwa kumfunika Mgeni kwanza, kisha mimi, na nikilalamika alisema mimi nina mama.

Bibi alifariki Mgeni akiwa ameshafika kifuani kwa Mama. Alimwacha mwanawe mkubwa, mjomba wangu, aliyekaa Chiola na ndiye aliyekuwa na sauti juu ya mambo yote ya ukoo: mikorosho, viwanja, ndoa, misiba. Kwetu mjomba ni mjomba. Alimwacha Mama pia, na Mama hakuwa na kitu anachoweza kukiita chake ila ng'ombe yule. Mikorosho ilikuwa ya ukoo. Nyumba ilikuwa ya Bibi. Mgeni alikuwa wa Mama kwa sababu alimpata kutoka mikononi mwa mtu asiyehusiana nasi, akamlea kwa uji wake. Sikuyajua hayo wakati ule. Nilichojua ni kwamba Mama akimwangalia Mgeni anakuwa mtu mwingine, anaanza kusema habari za ndama, na maziwa ya kuuza Ruangwa mjini, na zizi la miti ya kudumu.

Asubuhi moja Mgeni aliamka akilia. Alilia, akazunguka kamba, akawapanda mbuzi mgongoni, akakataa majani. Nilimkimbilia Mama nikamwambia Mgeni anakufa. Mama alijifunika mdomo kwa kanga akacheka.

"Haumwi huyu. Anataka kutembea tu."

"Kutembea wapi?"

"Kwenda kusalimia wenzake. Lete kamba."

Basi nikaamini tunakwenda kusalimia. Mnanielewa wenzangu. Kwetu mambo yale mtoto hakuambiwa. Yalikuwa na mahali pake na wakati wake, na wanawake maalumu wa kuyasema wakati wa unyago, na kabla ya hapo ungeweza kuona jogoo na kuku uwanjani kutwa nzima na kuambiwa wanagombana. Mama alikuwa mwepesi wa kucheka na kuzungumza, lakini mlango huo aliufunga kama wenzake wote.

Mama alipiga hesabu zake kwa kufuata alichokijua. Mbuzi akianza kelele unampeleka kwa beberu, na miezi haifiki mingi unapata watoto. Mkorosho nao ukichanua ndio umekubali kuzaa. Akaona Mgeni amechanua. Tukavuka mto, tukapanda hadi bomani kwa Minza, Mama mbele na kamba, mimi nyuma na fimbo nisiyoitumia.

Minza alitoka akitabasamu, akamtambua ndama wake wa zamani, akamzunguka pole pole. Alimpima nyonga kwa viganja. Alisimama nyuma yake akamtazama kwa muda. Halafu akatikisa kichwa, na Mama akaniambia nikaone ndama wadogo upande wa pili wa ua. Yaliyosemwa baada ya hapo nimesimuliwa na Mama nikiwa mtu mzima.

"Mayu, huyu bado."

"Analia tangu alfajiri. Amewamaliza mbuzi wangu."

"Analia, ndiyo. Msichana naye akivunja ungo, unampeleka kwa mume siku hiyo hiyo?"

Mama akaikunja kamba mkononi.

"Mimi niliharakisha mmoja kule kwetu," Minza akaendelea. "Mtamba mzuri, hajazaa hata mara moja, mweupe. Nilikuwa na shida ya maziwa. Mimba ikashika vizuri tu. Siku ya kuzaa ndama akakwama, nyonga hazikufunguka. Tulivuta watu wazima wanne. Nikawapoteza wote wawili, na huyo mtamba aliniangalia mpaka mwisho. Sirudii. Mwache alie, anyamaze, alie tena. Sisi tunaangaliaga meno."

Wakaniita, kwa sababu Mgeni alikuwa amekataa kabisa kufunguliwa mdomo. Alimrusha Minza kichwa, akamrusha Mama. Mimi nilipitisha vidole pembeni kama nilivyozoea wakati wa uji, naye akatulia. Nilipoangalia ndani nikapata hofu.

"Mama, wamemng'oa meno ya juu!"

Minza alicheka akashika mti wa ua. Aliniambia ng'ombe wote duniani hawana meno ya mbele upande wa juu, Mungu hakuwapa na wala hawajalalamika. Akanionyesha ya chini: madogo, meupe, yamepangana vizuri.

"Haya ya kitoto. Haya mawili ya katikati yakidondoka, yakaja mengine mapana, mleteni. Kabla ya hapo dume langu simpi."

Nikapata kazi. Mimi, niliyekuwa na pengo langu mwenyewe mbele na meno yangu nimeyarusha juu ya bati, nikawa ndiye mkaguzi wa meno ya Mgeni, kwa kuwa hakumkubali mtu mwingine. Mama alinituma kila baada ya siku chache. "Bado?" "Bado." Nilijivuna vibaya sana. Watoto wenzangu nilikuwa nawaruhusu kunifuata hadi kwenye kamba, si zaidi.

Mjomba alifika kwa pikipiki siku ya jua kali, kilemba cha taulo kichwani, mfuko wa biskuti mkononi. Nilimpenda na bado nampenda. Aliniita kibogoyo wake, akanitaka nipige mluzi kwa lile pengo, akacheka nilipomtemea mate bila kukusudia. Baada ya kula akakaa na Mama barazani, nami nikajifanya nachambua mbaazi.

"Dada," alisema, "Idd ya kuchinja inakuja. Nataka mwaka huu tumchinjie marehemu Mama. Si mbuzi. Mama alilea watu wengi, watu wale washibe, wamwombee dua."

"Ni jambo jema, kaka."

"Ng'ombe unaye."

Nilisikia mbaazi zikidondoka kwenye ungo wangu.

"Maalim atakuja kumtazama meno," Mjomba akasema. "Kama ameshang'oa, anafaa. Kama bado, hafai, sheria ndiyo hiyo, tutaangalia mbuzi."

Niliondoka pale mbio. Nilikwenda kumkumbatia Mgeni shingo, na sikusikia kilichoendelea barazani. Kilichoendelea, nilikuja kuambiwa, ni kwamba Mama aliuliza, "Na akiwa na mimba?" na Mjomba akasema mwenye mimba hamgusi, hata mtu amlipe. Kwa hiyo Mama alibaki na tumaini lake moja. Meno yakitoka mapema, atawahi kumpeleka kwa dume kabla ya Idd. Akawa ananiuliza kila siku.

Mimi nilikuwa na hesabu nyingine kichwani. Idd iliyotangulia, Maalim wa madrasa yetu alikwenda kwa majirani zetu kumtazama beberu wao. Tulikuwa tumejazana uani. Maalim alimfungua mdomo beberu, akatazama, akasema, "Ameng'oa, anafaa," na baada ya sala ya Idd beberu yule alikuwa ndani ya sufuria na ngozi yake juani. Kwa hiyo niliunganisha mambo yote kwa akili ya mtoto mwerevu, na nawaambia akili hiyo ni ya hatari. Minza alisema meno yakidondoka mleteni. Mjomba alisema meno yakidondoka anafaa. Mama alikuwa akiulizia meno kila siku na uso umemkaza. Wote watatu walikuwa wanangoja kitu kimoja, na kitu chenyewe nilikiona kwa macho yangu kwa majirani. Mtu mmoja tu duniani alikuwa upande wa Mgeni, naye alikuwa ndiye mkaguzi.

Jino la kwanza lilitoka muda si mrefu baadaye. Niliingiza vidole asubuhi nikakuta pengo na damu kidogo kwenye ufizi. Mgeni aliendelea kutafuna kana kwamba hakuna kilichotokea. La pili lilifuata. Nilipapasa kile kilichokuwa kinachomoza, kipana, kina makali, nikatoa mkono nikaupangusa kwenye gauni.

"Bado?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Bado."

Sijawahi kusema neno kwa ujasiri namna ile. Nikawa naamka kabla yake nimtoe Mgeni, nimpeleke kwenye majani ya mbali karibu na mto, nimrudishe jua limezama, ili asikae karibu na macho ya watu. Mgeni alilia tena siku moja, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Nilimfunga huko huko kichakani ili Mama asisikie, kwa sababu niliogopa akisikia atampeleka bomani. Nilimwimbia nyimbo zote za madrasa. Yeye alinitazama kwa macho makubwa, akaendelea kulia, nami nikalia naye. Leo nikiikumbuka siku hiyo nacheka, halafu naacha. Nilikuwa naifunga njia moja iliyokuwapo ya kumwokoa, na nilikuwa naifunga kwa mapenzi yangu yote.

Siku moja kabla ya Idd wakaja, Mjomba na Maalim. Mgeni nilikuwa nimeshamtoa, lakini Mjomba alitufuata hadi mtoni, akachukua kamba mkononi mwangu kwa upole, akasema kibogoyo wangu twende nyumbani. Tulipofika uwanjani alimshika Mgeni pua kwa vidole viwili, kwa nguvu ya mwanamume, na Maalim akafungua mdomo.

"Huyu ameng'oa," Maalim akasema. "Tena si leo. Mapya yameshapanda yote mawili. Anafaa kabisa, mashaallah."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Hakumtazama Maalim wala Mgeni. Alinitazama mimi. Sikuweza kukitambua kilichokuwa usoni mwake, ila nilijua si hasira, na kwa sababu hakikuwa hasira niliogopa zaidi. Kisha akajifunga kanga vizuri kiunoni, akasogea mbele.

"Kaka, huyu ana mimba."

Mjomba aliachia pua. "Ya lini?"

"Nilimpeleka kwa Minza. Mwezi uliopita."

"Hukuniambia."

"Nilitaka ishike kwanza."

Mjomba alimtazama dada yake kwa muda mrefu. Alimtazama Mgeni ubavuni, ambako hakukuwa na cha kuona. Maalim alisema kama ana mimba ni heri aachwe, na kwamba mbuzi naye ni sadaka, Mungu hatazami ukubwa wa nyama. Mjomba akaomba maji, akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Basi," akasema. "Mbuzi nitampata."

Wakaondoka. Mimi nilikuwa najua maana ya mimba, walau kwamba ndani kuna mtoto, nikaruka juu kwa furaha. Nilimkuta Mama nyuma ya jiko amekaa juu ya kinu, mikono yake ameibana katikati ya magoti. Mama alikuwa mtu wa kusali sala zote. Sikuwahi kumsikia akimdanganya hata mchuuzi.

"Meno umeyaona lini?"

"Zamani."

"Mbona ulisema bado?"

Nikamweleza yote: beberu wa jirani, Maalim, sufuria, ngozi juani. Nikamweleza kwamba nilijua wote wanataka kumla Mgeni, hata Minza. Nilitegemea kofi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanivuta nikakaa kwenye mapaja yake ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa kukaa hapo.

"Sikukwambia," alisema. "Ningekwambia, ungeniambia."

Na pale pale, mchana kweupe, harufu ya mbaazi ikichemka, Mama aliniambia dume ni wa nini. Alisema kwa maneno ya kawaida, bila kunong'ona na bila kujifunika kanga. Aliniambia kwa nini mtamba anangojewa, habari za nyonga, na habari ya yule mweupe wa Minza aliyekufa na ndama wake. Nilipofika umri wa kukaa na wanawake wale maalumu, wao na ngoma zao, nilikuwa nimeshaambiwa lililo kubwa, na nimeambiwa na Mama. Wanawake wengi niliokua nao hawakupata bahati hiyo, na nimewaona walivyolipa.

Kisha tukakaa kungoja, maana uongo wa Mama ulikuwa umeshasemwa na Mgeni ndiye aliyetakiwa kuutimiza. Mgeni akawa mtulivu kama hajawahi kulia. Mama alikuwa akiamka na kusimama uwanjani, mswaki mdomoni, sikio lote kwenye kamba. Akikutana na Maalim njiani, na Maalim akauliza, "Mgonjwa wetu hajambo?" alijibu hajambo, na akifika nyumbani hakula. Aliogopa dhambi, aliogopa kaka yake, na nadhani aliogopa zaidi kwamba amemnyima mama yake sadaka kwa ajili ya kitu chake mwenyewe. Aliwahi kusema hivyo akisonga ugali, si kwangu, ni kwa sufuria.

Siku Mgeni alipolia Mama aliacha chai inachemka. Tulivuka mto karibu tukikimbia. Minza alimpitisha mikono nyongani, akaniomba nifungue mdomo, akatazama yale meno mapana mawili, akanibonyeza shavu kwa kidole.

"Sasa ndiyo," alimwambia Mama.

Safari hii sikutumwa kwenda kuona ndama. Nilisimama pembeni ya Mama, nikaona, na halikuwa jambo refu. Minza alituambia tumrudishe pole pole, tusimpige wala kumkimbiza, na Mama alitembea njia nzima kiganja chake kikiwa juu ya mgongo wa Mgeni. Majuma yalipita na Mgeni hakulia tena. Tumbo likaanza kuonekana, kwanza kwa Mama peke yake, baadaye kwangu, mwishowe hata kwa majirani, ambao walishangaa mimba ya ng'ombe inavyochelewa, na Mama akawaambia ng'ombe si mbuzi.

Alizaa asubuhi, nyuma ya nyumba. Niliitwa niende mbio nikamlete Minza, nikamleta, naye alipofika hakufanya kitu ila kuchuchumaa na kutazama. Kwato mbili zilitangulia, kisha pua, na ndama akateleza akaanguka juu ya majani, mweusi, ameloa, anapiga chafya. Ilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Minza alikuwa na machozi. Alimgusa Mama bega akamwambia, "Umeona, mayu." Mimi nilimfikiria yule mtamba mweupe ambaye sikuwahi kumwona.

Idd ya kuchinja ikafika tena. Mjomba alikuja kwetu moja kwa moja kutoka kwenye sala, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mwaka uliopita alikuwa amechinja mbuzi wake mwenyewe kwa jina la Bibi na hakumlaumu mtu. Alimkuta Mama zizini anakamua. Ndama alikuwa pembeni, kitovu hakijakauka sawasawa. Mjomba alisimama nje ya ua akamtazama.

"Dada, huyu kazaliwa lini?"

"Juzi juzi."

Mjomba alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Mimba hii, dada, mbona imekaa mwaka mzima? Ilipitia Liwale?"

Mama aliweka kopo la maziwa chini. Hakucheka.

"Kaka, nilikudanganya. Siku ile hakuwa na kitu. Nilikudanganya mbele ya Maalim, na sadaka ya Mama nikaipunguza, na sina raha tangu siku hiyo."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Wewe tangu mdogo ukitaka kuongopa unajifunga kanga kwanza."

"Mbona hukusema?"

Mjomba alifungua mlango wa zizi akaingia. Alimpapasa ndama kichwani, akamwacha anyonye vidole vyake, akashangaa kidogo kwa ile nguvu ya ulimi.

"Nilitaka kusema," alijibu. "Nikamfikiria Mama yetu angekuwa amesimama pale jikoni. Nimwambie, Mama, nimekuja kumchinja huyu uliyemnywesha uji kwa mkono, ili upate thawabu. Angesema ana mimba, dada. Angesema kabla yako, na angeapa."

Mama akakaa chini pale pale, juu ya samadi mbichi, akalia kwa sauti, akimwita mama yake kwa jina. Siku ya kumzika Bibi hakuwa amelia. Alikuwa akipika na kupokea watu. Mimi nilisimama na kopo la maziwa nisijue niliweke wapi. Mjomba alimtazama, akatazama mlangoni kama mtu anayetafuta mwanamke wa kumwita aje kusaidia, na hakukuwa na mwingine. Basi akakusanya kanzu yake ya Idd mapajani, akaona haitoshi, akaiachia, akakaa kwenye samadi kando ya dada yake.